Suti zangu zanuka biri, na udi haujasaidia

Assalaam alaykum, Mshauri.

Naishi Raskazone, hapa Tanga, na kazi yangu inanitaka nivae suti siku nne au tano kwa wiki. Ninazo nne, zote za kushonewa na fundi wa Ngamiani. Mbili ni sufu nyepesi, ya bluu iliyokolea na ya kijivu. Ya tatu ni kitani, rangi ya mchanga. Ya nne ni nyeusi. Muuza kitambaa alisema sufu, lakini fundi alipochoma uzi mmoja ukayeyuka na kuganda kijidonge kigumu, akaniambia humo poliesta ndiyo nyingi.

Jumatano na Ijumaa usiku tunakaa kibarazani, mimi na wenzangu wawili, tunavuta biri. Si sigara za pakiti, ni zile nene za majani matupu, moja inakwenda saa nzima. Natoka kazini moja kwa moja, hivyo suti huwa mwilini.

Asubuhi yake suti naivaa haina neno. Ikifika saa sita mchana, jasho likianza, harufu inapanda hadi mwenyewe naona haya. Mke wangu amezifukiza udi, sasa zinanuka udi na biri kwa pamoja. Nimepulizia manukato kwenye bitana. Ya bluu niliianika juani siku mbili: harufu ilipungua, lakini bega moja limepauka. Ya kijivu niliipeleka kwa dobi, ikarudi imefanya vivimbe kifuani, na harufu imo vilevile. Zote nazihifadhi ndani ya mifuko ya plastiki, na juzi nimekuta ukungu mweupe kwenye kola ya ile nyeusi.

Kuacha biri nimeshaambiwa na daktari na nimeshaambiwa na mama watoto, kwa hiyo hilo tulipite. Nataka kujua nizitunze vipi hizi, na suti mpya ya harusi ya binti yangu, mwezi wa Desemba, nimwagize fundi aishoneje.

Baba Harusi, Raskazone

JIBU

Waalaykum salaam, Baba Harusi, na hongera kwa kumwoza binti. Daktari na mama watoto wameshafanya kazi yao, sisi tuingie kabatini.

Tuanzie hapo kwenye saa sita mchana, maana ndipo siri ilipo. Moshi wa biri hauondoki na upepo wote. Sehemu yake ni lami nyepesi yenye mafuta inayotua juu ya nyuzi na kunata. Tumbaku ya biri hukaushwa kwa hewa na kuchachushwa, na moshi wake una amonia nyingi na huelekea upande wa alkali. Katika hali hiyo nikotini hupaa kirahisi na kujishika kwenye kitambaa kirahisi. Sufu nayo ina tabia ya kunywa. Inaweza kubeba unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi kwamba imelowa. Pamoja na unyevu huo hushika chembe za harufu na kutulia nazo. Jasho linapoingia, maji huchukua nafasi ya zile chembe na kuzisukuma nje. Asubuhi, basi, suti yako haikuwa safi. Ilikuwa kavu tu.

Poliesta ni kisa kingine. Hainywi maji, ila inapenda mafuta, na lami ya moshi ni mafuta. Suti yako nyeusi ndiyo itakayokuwa kaidi kuliko zote, usishangae.

Sasa huo udi. Shemeji hakukosea nia, amekosea nguo. Kanzu hufukizwa, ikavaliwa, ikafuliwa. Kila mara inaanza upya. Koti la suti halifuliwi. Udi nao ni moshi, una mafuta yake yanayonata, kwa hiyo kila anapokifunika chetezo kwa koti anaongeza tabaka juu ya tabaka la biri. Manukato ni yaleyale, tena mafuta yake huacha madoa ya manjano kwenye bitana ya rangi nyepesi. Udi ubaki kwa kanzu, kikoi na chumba cha wageni. Harufu ya suti haifunikwi, hutolewa, na hapa pwani kinachoitoa ni hewa kavu inayotembea.

Neno ni hilo: kavu, na inayotembea. Kuna ushauri maarufu wa kutundika suti bafuni, ukafungulia maji ya moto na kuuacha mvuke ufanye kazi. Hiyo ni dawa ya nchi za baridi, ambako ukifungua dirisha hewa iliyo nje ni kavu. Tanga utakuwa umeinywesha suti maji na kuirudisha kwenye hewa iliyokwisha kulowa. Ukungu unaupata hivyohivyo.

Kazi kubwa ifanyike usiku uleule, kabla hujalala. Lami ikiwa mbichi hutoka. Ikikaa wiki kabatini inazama ndani zaidi. Ukifika nyumbani, vua suti nje ya chumba cha kulala. Toa kila kitu mifukoni, hasa kipande cha biri ulichokibakiza, maana hicho peke yake kinaweza kunukisha koti wiki nzima. Tundika koti kwenye henga pana ya mbao, mabegani iwe na unene wa sentimita 4 au 5, siyo waya. Suruali itundike kichwa chini kwa kubana pindo za miguu.

Kisha brashi, ya nywele za farasi au manyoya mengine ya asili. Za plastiki ngumu huchana sufu. Anza begani ushuke, mikupuo mifupi, ukimalizia kila mkupuo kwa kuuinua ili vumbi liruke badala ya kusukumwa chini. Inua kola upige upande wa chini, kwa sababu moshi unaopanda kutoka mdomoni na mkononi hujificha humo. Geuza mapindo ya kifuani, kisha ndani ya mikono. Dakika tatu zinatosha. Majivu yaliyodondoka usiyasugue kwa kidole hata kidogo. Yana alkali, na yakikutana na jasho hugeuka doa la kijivu linaloingia ndani ya uzi. Yaache yapoe, kung'uta, ndipo brashi.

Baada ya hapo washa feni, uiweke mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye suti, vifungo vyote viwe wazi, na ikeshe hivyo. Usiiache nje usiku. Umande wa bahari utaifanya kazi yote kuwa bure. Kesho yake, baina ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, itoe kibarazani, kivulini, upande ambao upepo unapita lakini marasharasha ya maji ya bahari hayafiki. Chumvi ikitua kwenye kitambaa huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Iingize ndani kabla ya magharibi. Suti iliyokaa kwenye moshi isivaliwe tena kabla ya saa 48. Kwa ratiba yako ya Jumatano na Ijumaa, suti nne zinatosha kabisa ukizizungusha.

Jua umeshaliona kazi yake. Linakausha vizuri, lakini hula rangi, na bega lililopauka halirudi. Kulipaka rangi koti zima ni kamari, sufu, uzi wa kushonea na bitana kila kimoja hunywa rangi kivyake.

Ikiwa baada ya usiku wa feni na mchana wa kibarazani bado unasikia harufu ukinusa kwapani au chini ya kola, ndipo uchukue chupa ya kupulizia. Changanya siki nyeupe ya asilimia 5 kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne. Siki ni tindikali hafifu, na sufu huivumilia. Ile nikotini na amonia ni za upande wa alkali, siki inazituliza zisipae. Iwe nyeupe tu. Siki ya tufaha ina rangi yake. Jaribu kwanza kwenye mshono wa ndani, subiri ikauke, utazame kama rangi imebadilika. Kisha pulizia kwa umbali wa sentimita 30, ukungu mwepesi tu, upande wa bitana, kwapani na chini ya kola. Usilowanishe. Saa moja au mbili mbele ya feni, na harufu ya siki huondoka.

Wanaotunza mavazi ya maigizo Ulaya hutumia vodka kwa kazi ya kwapa, kwa kuwa pombe huua vijidudu vya jasho na kukauka upesi. Wewe chukua spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70, isiyo na rangi, uichanganye nusu kwa nusu na maji, na uipime vilevile kwenye mshono kabla ya yote. Ile spiriti yenye rangi ya bluu au zambarau iache, itakupaka. Siki siku moja, spiriti siku nyingine, usivitie kwenye chupa moja.

Mvuke wa pasi nao unafaa kwa kiasi: kichwa cha pasi kisiguse kitambaa, kiwe umbali wa sentimita 10 hadi 15, dakika tatu kwa koti zima, na feni iwe inawaka wakati huohuo. Mvuke hulegeza harufu, upepo ndio unaoichukua. Ukitoa mvuke bila upepo, umeihamisha tu kutoka kola kwenda bitana.

Nikirudi kwa suti zako moja moja. Ya kijivu: vile vivimbe ni gundi iliyoachia. Ndani ya kifua cha koti kuna kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa pasi, na koti likitiwa majini au likipigwa joto la kupita kiasi, gundi huachana na sufu kwa mabaka. Mpelekee fundi wako, si dobi. Atafungua bitana na kujaribu kugandisha upya, au abadilishe kile kitambaa. Usitegemee kifua kirudi kama kilivyokuwa mwanzo. Wakati bitana iko wazi, mwombe atoe sponji za mabegani na kuweka mpya. Hapo ndipo penye harufu isiyotoka hata ufanye nini, na watu wengi hawapajui. Sponji ina matundu mengi mno, inahifadhi moshi, na iko sentimita chache tu chini ya pua yako.

Kabla ya kumpa mtu yeyote koti lako tena, muulize swali moja: anasafisha kwa mashine ya dawa (drai klini) au kwa maji? Akisema maji, chukua koti lako. Dawa ya mashine huyeyusha lami na mafuta. Chumvi ya jasho huondoka kidogo tu, kwa hiyo peleka mara mbili au tatu kwa mwaka, isizidi. Ukimpa koti mpe na suruali, pamoja, la sivyo baada ya mwaka vitakuwa rangi mbili. Uliza pia kama dawa yenyewe huchujwa, kwani dawa iliyochoka hurudisha nguo na uvundo wa nguo za wengine. Ikirudi, vua ule mfuko wa plastiki hapohapo, na koti lipigwe na hewa siku nzima kabla ya kuingia kabatini.

Nyeusi yenye ukungu: toka nayo nje, funika pua, uipige brashi ikiwa kavu. Ukianza kwa kitambaa kibichi utakuwa unapaka mbegu za ukungu nguo nzima. Baadaye futa kola kwa kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa, ikauke kabisa, kisha mashine ya dawa. Hii ndiyo nguo pekee ninayoiruhusu jua, asubuhi, kwa muda wa saa moja tu, ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Kama harufu yake haitaki kutoka, jaribu mkaa. Wa vifuu vya nazi ni bora, ndio huohuo unaotumika kutengenezea mkaa wa kuchujia maji, na nazi hapa Tanga si jambo la kutafuta. Kilo mbili, zikaushwe juani, zitiwe ndani ya foronya mbili ili vumbi lisitoke, ziwekwe chini ya kasha lenye kifuniko. Suti ilazwe juu ya karatasi nyeupe bila kugusana nazo. Siku tatu, fungua, anika mkaa, rudia. Suti iwe kavu kabisa kabla ya kufungiwa, la sivyo utakuwa umepanda ukungu mwingine. Magadi ya kuokea yawe kwenye bakuli tu, usinyunyizie unga wake juu ya koti: huingia kwenye mshono na kifua, na kuutoa ni kazi.

Kitani ni mpole. Suruali yake inafulika kwa mkono, maji ya baridi na sabuni laini. Koti lake lisiguse maji ikiwa lina kile kitambaa cha gundi.

Ile mifuko ya plastiki itupe leo. Mnunulie fundi mita chache za kitambaa cha marekani, akushonee mifuko minne iliyo wazi chini, inayopitisha hewa na kuzuia vumbi. Acha sentimita 4 au 5 kati ya koti na koti, na wakati wa masika acha mlango wa kabati wazi mchana, feni ikiuelekea. Karafuu kwenye kitambaa hunukia vizuri, usizitegemee kuzuia nondo. Nondo hufuata sufu yenye jasho na mabaki ya chakula, na kinachomfukuza ni brashi.

Turudi kibarazani. Moshi mwingi hautoki mdomoni, unatoka kwenye ncha inayowaka. Kwa hiyo kiti ni muhimu kuliko unavyopulizia. Upepo ukikupiga mgongoni, huzunguka mwili na kutengeneza kimbunga kidogo mbele yako, na moshi unakurudia kifuani. Ukikupiga usoni unakuletea moja kwa moja. Kaa ubavu kwa upepo, mkono wenye biri uwe upande upepo unakoelekea, na kisahani cha majivu hukohuko. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Kiti kilichofaa Julai, Januari kihamishe. Ukimaliza, usiisokote biri kwenye kisahani. Iache izimike yenyewe. Ikipondwa hutoa moshi mzito wa mwisho, mchafu kuliko wa saa nzima iliyopita.

Na biri zenyewe unaziweka wapi? Hupendelea unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hewa yetu mara nyingi inazidi kote kuwili. Biri iliyokunywa maji huungua kwa tabu, inazimika, unaiwasha tena mara tatu, na biri iliyozimika kisha ikawashwa ndiyo yenye harufu kali kupita zote. Kasha linalofungika vizuri, lenye pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, litakupunguzia moshi kwenye suti kuliko manukato yoyote. Lisikae kabati moja na nguo.

Lakini lililo bora kuliko yote hayo ni kutovuta ukiwa na koti. Waingereza wa miaka ya 1850, tumbaku ya Kituruki ilipovuma kwao wakati wa vita vya Crimea, walijishonea koti maalumu la mahameli la kuvutia tumbaku, wakilivaa baada ya chakula ili nguo zao nyingine zisinuke. Mahameli kwa joto la Tanga ni adhabu. Wewe shona kaunda suti ya pamba tupu, mikono mifupi, isiyo na bitana wala gundi ndani. Iache kazini au kwenye gari, badilisha kabla ya kufika kibarazani, kesho yake ifuliwe kwa sabuni ya kawaida. Suti yako ikae mbali, ndani ya mfuko wa marekani. Ukivutia ndani ya gari lakini, umejidanganya: kiti na kitambaa cha paa vitakurudishia moshi mgongoni kila asubuhi. Na ukirudi, badilisha nguo na unawe kabla ya kumpakata mtoto, maana mabaki ya moshi kwenye nguo si harufu tu.

Suti ya harusi, sasa. Chagua sufu tupu ya kusokotwa kwa nguvu, mfumo wa wazi, uzito wa gramu 240 hadi 270 kwa mita moja ya urefu wa kitambaa. Ukikiinua kitambaa dirishani uone mwanga ukipenya. Hewa inapopita, moshi nao hutoka. Choma uzi mmoja kabla ya kulipa: sufu hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Kifua kiwe na kitambaa kigumu cha kushonwa kwa uzi, kisiwe cha gundi. Kitachukua siku nyingi zaidi na fundi atakutoza zaidi, mpe. Bitana iwe nusu, mgongo wa chini ubaki wazi. Mabegani aweke pamba nyembamba badala ya sponji, na aishikize kwa mishono michache inayofumuka bila shida. Suruali ziwe mbili, kwa kuwa majivu huangukia pajani.

Mwombe pia akubakizie kipande cha sentimita 20 kwa 20. Cheche ikitua kwenye sufu haiwaki, huchoma kitobo kidogo na kuzimika, na kitobo hicho huzibika kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye kipande hicho. Mpelekee kitambaa mwezi wa Septemba, kabla mafundi hawajalemewa na kazi za Desemba, na siku ya kujaribu uvae viatu utakavyovaa harusini.